Shajara ya mradi: video ya wimbo mmoja, kati ya ua wa Ilala na pwani ya Bagamoyo

8 Juni 2024: Wimbo, mpangilio na bajeti

Shajara hii inafuata utengenezaji wa video ya wimbo mmoja wa Bongo Fleva wenye ladha ya taarabu, wa dakika 3 na sekunde 24, unaokwenda kwa mapigo 92 kwa dakika. Kikosi ni mwimbaji, mpiga picha, msaidizi mmoja wa sauti na taa, na mimi ninayeongoza na kuhariri. Bajeti ni shilingi 1,050,000, na ndani yake mna akiba ya 100,000. Ninaandika kwa ajili ya wenye fedha za kiasi hiki, kwa sababu maelezo mengi yaliyopo huchukulia kwamba kuna lori la taa na watu thelathini wa kuliendesha.

Mpangilio ni ule uliozoeleka wa nyuzi tatu zinazosukwa pamoja: mwimbaji akiimba mbele ya kamera, hadithi fupi, na uchezaji. Beti zote mbili zitapigwa usiku katika ua wa nyumba, kiitikio kitapigwa ufukweni mbele ya jahazi lililopwelewa, yaani lililoachwa mchangani na maji yaliyopungua, na daraja la wimbo, kipande kisichofanana na beti wala kiitikio, litakuwa la madansa. Kiitikio kitarudi mahali palepale kila kinapojirudia, kwa kuwa sikio la msikilizaji limekwisha kukizoea na jicho nalo hutaka kurudi linapopafahamu. Kinachobadilika ni ukaribu wa kamera tu, mbali mara ya kwanza na usoni kabisa mara ya mwisho. Hadithi ni nyembamba kwa makusudi: mwanamke anauza jahazi aliloachiwa na marehemu baba yake. Hadithi nene ndani ya dakika tatu huugeuza wimbo kuwa muziki wa nyuma ya filamu, na mwenye wimbo hakulipia filamu.

22 Juni 2024: Vibali na mahali

Kibali cha kupiga picha tuliomba Bodi ya Filamu, na barua za serikali za mitaa tulizifuata mwenyewe kwa mwenyewe. Ndege isiyo na rubani tumeiacha, maana inahitaji kibali chake cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na picha ya kutoka angani isiyoongeza neno kwenye hadithi ni pambo la gharama.

Wazo la kwanza la kiitikio lilikuwa Magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo. Tulikwenda kuyaangalia tukaliacha wazo hilo siku ileile. Pale pana msikiti wa kale na makaburi, na mwanamke anayeimba habari za mapenzi na mali akiwa ameegemea kaburi ni picha itakayowaudhi watazamaji wengi wa pwani kabla hawajausikiliza wimbo. Ufukwe wa mjini Bagamoyo, ambako majahazi huegeshwa na mchanga una mteremko mdogo sana, ulitutosha.

6 Julai 2024: Plebeki na mwendo wa taratibu

Hatua hii ndiyo iliyobeba mradi wote. Plebeki ni wimbo unaopigwa kwenye spika wakati wa kupiga picha ili mwimbaji aufuatishe kwa midomo. Tulitaka kiitikio kiwe na mwendo wa taratibu, nguo na tanga vielee, lakini midomo iende sawa na maneno. Njia inajulikana: kamera inachukua fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, nyingi zaidi kwa sekunde kuliko zitakazoonyeshwa, na plebeki inaharakishwa kwa uwiano uleule. Video yetu itaonyeshwa kwa fremu 25 kwa sekunde. Ukichukua fremu 50, wimbo hupigwa kwa kasi maradufu. Picha ikirudishwa kwenye 25, mwili unapungua kasi nusu kwa nusu na midomo inaangukia kwenye wimbo wa kawaida.

Katika mazoezi kasi maradufu haikufaa. Mapigo 92 yakawa 184, na kiitikio chenye maneno mengi kikageuka kuwa mnong'ono wa mbiombio: konsonanti zilipotea, pumzi ilikatika katikati ya neno, na uso ulionyesha jitihada badala ya huzuni. Tulijaribu pia kumwambia aigize midomo bila kutoa sauti. Ikawa mbaya zaidi, kwa kuwa mishipa ya shingo na mbavu haidanganyi; mtazamaji huona mara moja kwamba hakuna hewa inayotoka. Anayefuatisha plebeki ni lazima aimbe kwa sauti yake halisi hata kama hairekodiwi.

Suluhisho lilikuwa kugawa kazi. Picha za mbali ambazo mdomo hauonekani tutazipiga kwa fremu 50. Picha za uso tutazipiga kwa fremu 30 na plebeki ya asilimia 120, yaani mapigo 110 na ushei, kasi ambayo mwimbaji aliimudu baada ya kuirudia mara chache. Upungufu wa kasi unaopatikana ni mdogo, lakini unatosha kuufanya ushungi uanguke kwa uzito ambao macho hayauoni katika maisha ya kawaida.

Kila faili ya plebeki iliandaliwa kwenye kompyuta kwa programu inayobadilisha kasi bila kuifanya sauti kuwa nyembamba, kwa kuwa wimbo unaopanda kama wa katuni humtoa mwimbaji kwenye ufunguo wake. Mwanzoni mwa kila faili tuliweka milio minne ya kuhesabu. Faili zilipewa majina yanayotaja kasi, ili msaidizi asichanganye.

14 Julai 2024: Ua wa Ilala, nyuzi za giza na fremu zilizopungua

Usiku wa jana madansa watano walimaliza sehemu yao kwa wakati. Nafasi ya shajara inastahili kupewa taa.

Tuliangaza ua kwa balbu za LED za kawaida za dukani, zilizoning'inizwa kama za sherehe. Kwenye skrini ndogo ya kamera picha ilikuwa safi. Tulipoiangalia kwenye kompyuta palepale uani, kila picha ya fremu 30 ilikuwa na nyuzi za giza zinazopita ukutani. Sababu ni umeme wenyewe. Umeme wetu una mzunguko wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na balbu nyingi za bei nafuu hupungua na kuongezeka mwanga mara 100 kwa sekunde. Katika kamera yetu fremu 30 zinapatikana tu kwenye mfumo unaotumika Marekani, ambako umeme ni hezi 60, na ukihamia mfumo huo kamera hupendekeza shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, ya 1/60 ya sekunde. Muda huo haulingani na mizunguko kamili ya mwanga wetu, hivyo sehemu moja ya fremu hupata mwanga mwingi kuliko nyingine. Tulirudisha shata kwenye 1/50, ambayo inakusanya mizunguko miwili kamili kila fremu, nyuzi zikatoweka. Kwa anayepiga fremu 50 au 60 katika nchi ya hezi 50, shata ya 1/100 hufanya kazi ileile.

Kisha umeme ukakatika, tukawasha jenereta dogo la petroli tulilokodi kwa tahadhari. Nyuzi zilirudi, safari hii zikitambaa polepole kwenda juu, na hakuna shata iliyozituliza. Jenereta la aina hii hutoa hezi kulingana na kasi ya injini, na injini yenye mzigo mdogo wa balbu chache huzunguka kwa kasi inayopandashuka. Tulizima, tukarudi jioni ya leo na taa za betri za kukodi kwa shilingi 90,000, na mwenye nyumba, mama mwenye moyo wa subira, hakututoza tena. Kwa mwenye kunakili mradi huu: chukua taa za betri tangu mwanzo, na jenereta liachie kuchaji betri.

Tatizo la pili halikuonekana hadi tulipopanga picha za majaribio juu ya wimbo. Ubeti wa kwanza midomo ilikaa sawasawa. Kadiri picha moja ndefu ilivyoendelea bila kukatwa, midomo ilianza kuutangulia wimbo, na kufikia mwisho ilikuwa imeutangulia kwa fremu tano. Tulishuku spika, tukashuku programu, tukashuku hata faili. Chanzo kilikuwa ndani ya neno "30". Mfumo ule wa Marekani hauchukui fremu 30 kamili bali 29.97, na kwa hiyo uwiano wake na 25 si 1.2 bali 1.1988. Plebeki ya asilimia 120 ya wimbo wa sekunde 204 huchukua sekunde 170. Katika sekunde hizo kamera hukusanya fremu 5,095 hivi badala ya 5,100, na fremu tano zinazokosekana ndizo hizo hizo tulizoziona.

Kwa picha fupi ya kiitikio pengo hilo halifiki hata fremu moja, na huenda ndiyo maana maelezo mengi hayalitaji. Kwa anayependa kumwacha mwimbaji aimbe wimbo mzima bila kukatiza, kama sisi, linaonekana waziwazi. Plebeki zote za Bagamoyo zimetengenezwa upya kwa asilimia 119.88. Picha za ua zilizokwisha kupigwa zimeokolewa kwa kuzipunguza kasi hadi asilimia 99.9 kwenye programu ya kuhariri.

20 Julai 2024: Bagamoyo, na maji ya bamvua

Siku ya leo haikutupa picha hata moja ya jahazi lililopwelewa. Mpango uliandikwa kwa kufuata jua peke yake: mwanga wa dhahabu wa saa moja kabla ya machweo, yaani kuanzia kama saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Kesho ni mwezi mpevu. Katika mwambao wetu siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mpevu na ya mwezi kuandama, bahari hujaa kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri na hupwa katikati ya asubuhi, kwa hiyo mwanga wa dhahabu ulipofika maji yalikuwa yameshuka kama robo tu ya kina chake. Jahazi lilikuwa linaelea mahali tulipopanga kuweka kamera. Nahodha, mzee aliyetusikiliza kwa adabu tangu tulipofika, alieleza jambo hilo kwa sentensi mbili. Hakuna aliyekuwa amemuuliza wakati wa kupatana bei.

Tuliitumia siku kwa picha za fremu 50 za jahazi likielea na tanga likijazwa na upepo wa kusi, ambazo zitafaa kwa kujazia. Tulijaribu pia mwimbaji akiimba ndani ya jahazi, mita kama arobaini kutoka kwenye kamera, spika ikiwa kando ya kamera. Hapo tulipata funzo la umbali. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na kwa mita arobaini inamfikia mwimbaji ikiwa imechelewa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kamera inasikia wimbo mapema, mwimbaji anausikia baadaye, na midomo inachelewa kwa fremu tatu hadi nne. Picha hizo zitasogezwa kwa mkono. Anayeweza aiweke spika miguuni kwa mwimbaji, lakini akumbuke kwamba wakati huo kamera ndiyo inayochelewa kusikia, hivyo marekebisho hufanywa kwa upande wa pili.

Upepo nao uliifunika sauti ya mwongozo, ile inayorekodiwa na kamera ili kupangia picha juu ya wimbo, kiasi kwamba milio minne ya kuhesabu haikusikika kabisa. Badala ya kutegemea sikio, msaidizi sasa ataishika simu inayoonyesha saa ya wimbo kwa tarakimu kubwa mbele ya lenzi mwanzoni mwa kila picha. Mhariri anasoma tarakimu, anaweka picha mahali pake.

Na mchanga mweupe saa za mchana ulitulazimisha kupandisha shata hadi zaidi ya 1/2000 ili picha isiungue, yaani isigeuke nyeupe tupu, na kwa shata hiyo kila mkunjo wa nguo unarukaruka kama wa filamu ya zamani. Kichujio cha kupunguza mwanga, shilingi 45,000, kimeingizwa kwenye manunuzi.

31 Julai 2024: Bagamoyo tena

Safari hii siku ilichaguliwa kwa mwezi kwanza, kisha jua, na mzee nahodha ndiye aliyetusaidia kuisoma jedwali ya maji. Bagamoyo inatazama mashariki, kwa hiyo jua linachomoza baharini na kuzama nyuma ya mji. Kama unataka mwimbaji awe na jua mgongoni na bahari nyuma yake, saa yako ni alfajiri tu. Jioni mwanga unatoka nchi kavu na unamulika uso wa anayetazama mji. Tulihitaji vyote viwili, pamoja na mchanga mkavu. Siku nne hivi kabla ya mwezi mpevu au kabla ya mwezi kuandama, maji hupwa yakikaribia saa moja asubuhi na yakikaribia saa moja jioni. Mwezi utaandama tarehe 4 Agosti, na ndiyo maana tumepiga picha katikati ya wiki, siku ya Jumatano, jambo lililomlazimu mwimbaji kuomba ruhusa kazini.

Jambo hili lina gharama yake. Siku hizo ziko karibu na maji mafu, ambapo bahari hupanda na kushuka kidogo, hivyo bahari haikimbii mbali kama ya bamvua, na ufukwe mpana unaong'aa kama kioo hatukuupata. Jahazi lilipwelewa upande mmoja tu, likiwa limelala kidogo kwa ubavu. Kwa macho yangu ikawa picha bora kuliko ile niliyoichora, kwa sababu chombo kinachouzwa hakipaswi kusimama wima kama cha maonyesho.

Alfajiri tulikuwa na muda mfupi sana wa jua la chini. Tulianza na kiitikio cha mwisho, kile cha uso, kwa kuwa ndicho kisichoweza kupatikana wakati mwingine. Kipimo cha mwanga kilichukuliwa usoni na si kwenye anga. Anga likaungua kidogo pembezoni, nasi tukaliacha liungue. Kamera inayoachiwa ijipimie yenyewe mbele ya bahari yenye jua humgeuza mwimbaji mweusi kuwa kivuli, na kosa hilo linaonekana katika video nyingi za pwani ambazo zina kila kitu kingine. Ubao mweupe wa povu ulitosha kurudisha mwanga kwenye macho. Jioni ilikuwa ya kawaida, ikamalizika kabla ya giza.

10 Agosti 2024: Kuhariri

Tarakimu za simu zilirahisisha upangaji kupita matarajio. Kikwazo kilitokea pengine: mtayarishaji wa muziki alileta toleo la mwisho la wimbo lenye kipande kimoja cha mapigo manne kilichoongezwa kwenye utangulizi. Kila kitu kilisogea kwa sekunde 2.6. Kwa bahati kasi haikuguswa, la sivyo picha zote za midomo zingekwenda jalalani. Anayeanza mradi kama huu apate toleo la mwisho kwa maandishi kabla ya kuandaa plebeki.

Kuhusu kukata kwa mapigo: kwa mapigo 92 kila pigo lina fremu 16.3. Jaribio la kwanza liligawa picha kwa fremu 16 kila moja, likawa na uhai mwanzoni kisha likapoteza mdundo, maana baada ya mapigo kumi na sita ukataji unakuwa umeutangulia wimbo kwa karibu fremu tano. Alama zinapaswa kuwekwa kwa kusikiliza ngoma yenyewe, si kwa kunakili urefu. Halafu tuligundua kwamba kukata juu ya kila pigo kunachosha hata pale panapolingana. Tumekata juu ya pigo katika daraja la madansa tu. Kwenye beti tunakata pale macho ya mwimbaji yanapohama, na kiitikio cha mwisho kimeachwa sekunde kumi na tano bila kukatwa. Mwenye wimbo aliogopa kwamba watu watachoka. Tulimwonyesha matoleo mawili bila kumwambia lipi ni lipi, akachagua la picha ndefu.

24 Agosti 2024: Rangi, maandishi na hesabu

Rangi za usiku zimeachwa na umanjano wa balbu, za pwani zimepunguzwa buluu ili ngozi isifanane na majivu. Jina la msanii, la wimbo na la mwongozaji yamewekwa pembe ya chini kushoto mwanzoni na mwishoni. Desturi hiyo tumeirithi kwenye vituo vya televisheni vya muziki vilivyoanza na MTV mwaka 1981, ambapo mtazamaji angeweza kufungua runinga katikati ya wimbo. Kwenye intaneti jina liko chini ya video tayari, lakini klipu hunakiliwa na kusambazwa bila maelezo, kwa hiyo maandishi bado yana kazi.

Matumizi yote ni haya: vibali na ufuatiliaji 110,000, ua wa nyumba 100,000, jenereta 60,000, taa za betri 90,000, jahazi kwa siku zote mbili 200,000, usafiri wa Bagamoyo 240,000, chakula na maji 180,000, madansa 250,000, mavazi 130,000, kichujio 45,000. Jumla ni shilingi 1,405,000, yaani 355,000 juu ya bajeti baada ya akiba kuliwa. Sehemu kubwa ya ziada, shilingi 320,000, ni gharama ya kurudi Bagamoyo. Ujira wa kikosi haumo, kwa kuwa tumepatana kugawana mapato.

Kilichobaki ni toleo la wima kwa ajili ya simu. Jaribio la kulikata kutoka kwenye picha pana limeshindikana kwenye kiitikio cha kwanza: mwimbaji yuko theluthi ya kushoto na jahazi theluthi ya kulia, na fremu ya wima haiwezi kuwabeba wote wawili. Kwa sasa tunatumia picha za uso za alfajiri peke yake, sekunde thelathini za kiitikio cha mwisho.